Mkanda wa Injini Haufi Peke Yake

Wenye magari wakiniuliza kuhusu mkanda wa injini, huu ambao wengi wanauita feni belti, swali huwa ni lilelile: "Fundi, unabadilishwa baada ya kilomita ngapi?" Wanataka namba. Namba ninazo na nitazitaja, ila nimeshika spana hapa Morogoro kwa miaka ya kutosha kujua kwamba namba peke yake imeshawalaza watu porini. Siku hizi naangalia kwanza mkanda wenyewe, halafu naangalia kila kitu unachokizungusha, kwa sababu mikanda mingi niliyoitoa ikiwa vipande haikufa kwa uzee. Kuna kitu kiliiua.

Tuanze na namba ili tuondokane nazo. Mkanda wa mistari wa kisasa, wenye mistari mirefu upande wa ndani inayoshika puli, yaani magurudumu unayoyazungusha, ukiwa mzima na ukiwa kwenye injini nzima, unaweza kufika hadi kilomita 160,000 hivi. Ile ya zamani, iliyotengenezwa kwa mpira wa neoprini, ilikuwa ikichoka kati ya 80,000 na 100,000. Sawa. Lakini kilomita zipi? Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika miaka minane, kumi au zaidi. Dashibodi inasema 78,000, huku mpira wa kanyagio la breki umelika upande mmoja, usukani unang'aa na kiti cha dereva kimezama. Hata pale namba inapokuwa ya kweli, hujui kama mkanda uliwahi kubadilishwa au ndio ule uliotoka nao kiwandani. Na mpira hauzeeshwi na mwendo tu. Gari linalotembea kutoka nyumbani hadi kazini na kurudi, foleni nusu saa, jua kali, nalo linaukausha mkanda wake ingawa kilomita haziongezeki.

Kuna kitu kimoja ambacho kimenisaidia kujua historia ya gari lililotumika: stika za gereji za Kijapani. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu, au fungua boneti uangalie huku na huku. Mara nyingi utakuta kijistika kimeandikwa kwa kalamu tarehe na kilomita za sevisi ya mwisho. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa enzi ya mfalme wao. Ukiona 21 ya enzi ya Heisei, jumlisha 1988, unapata 2009. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, kwa hiyo ya Reiwa unajumlisha 2018. Stika nyingi ni za oili, na kwenye injini zenye mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaofungua na kufunga vali kwa wakati wake, unaweza kukuta ya taimingi pia. Ya mkanda wa nje sijawahi kuiona, lakini angalau unajua gari lilikuwa na kilomita ngapi mwaka gani. Kuna Allion moja ililetwa hapa, kilomita za kwenye stika zilikuwa nyingi kuliko za kwenye dashibodi. Nikamwonyesha mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Fundi, we funga tu huo mlango."

Kwa hiyo gari lililoingia nchini bila kumbukumbu, kwangu mkanda unatolewa kwenye sevisi ya kwanza, unawekwa mpya, tunaandika tarehe na kilomita, na hesabu inaanzia hapo. Bei ya mkanda haifiki hata robo ya gharama ya kulivuta gari kwa brekidauni kutoka porini hadi mjini.

Sasa niwasimulie ya mama mmoja mfanyabiashara wa Iringa, kwa sababu ndiye aliyenifanya niache kuuangalia mkanda kama kitu kinachojitegemea. Alikuwa na RAV4, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yenye injini ya 1AZ ya lita mbili. Alikuwa akija Dar kuchukua mzigo, na akiwa katikati ya Mikumi, pale barabara kuu inapokatiza ndani ya hifadhi, taa nyekundu ya betri ikawaka. Sekunde hiyohiyo usukani ukawa mzito. AC ikaanza kupuliza hewa ya moto. Baada ya muda mfupi mshale wa joto ukaanza kupanda.

Injini ya aina hiyo ina mkanda mmoja tu wa nje. Unatoka kwenye puli ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, unazunguka wota pampu, alteneta, pampu ya usukani na kompresa ya AC, na tenshena inaukaza. Ukikatika, vyote vinasimama kwa mara moja. Alteneta ikisimama unabaki na umeme wa betri tu. Pampu ya usukani ikisimama unapinda kwa nguvu za mabega. Hivyo viwili mtu anavumilia. Hatari ni wota pampu: maji hayazunguki tena kwenye injini, na hedi ya alumini, sehemu ya juu ya injini, haihitaji dakika nyingi za joto hilo ili ipinde. Jibu sahihi ni kusimama palepale na kuzima.

Lakini mama alikuwa ndani ya hifadhi. Nilipomweleza kwamba angezima mapema hedi ingepona, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "kulikuwa na tembo pembeni ya barabara. We ungesimama?" Sikuwa na jibu. Aliendelea taratibu hadi alipoona watu, gari likiwa limeshachemsha vya kutosha, na likafika kwetu likiwa juu ya lori.

Cha kushangaza, mkanda ulikuwa mpya. Ulikuwa umebadilishwa gereji nyingine miezi michache nyuma, na risiti alikuwa nayo. Mabaki yake yalikuwa yamejisokota kwenye puli ya krenki, na nyuzi zake bado zilikuwa na rangi ya dukani. Fundi mwenzangu akasema papo hapo kwamba ni feki. Nami ningesema hivyohivyo, kama nisingeshika puli ya tenshena kwa mkono. Haikuzunguka. Beringi yake ilikuwa imekauka grisi siku nyingi, ikashika, na mkanda ukawa unasuguliwa kwenye puli iliyosimama hadi ukaungua. Yule aliyeuweka aliutoa wa zamani, akaingiza mpya, akapokea fedha yake. Hakuzungusha puli hata moja kwa kidole. Mkanda wa zamani aliotupa huenda ulikuwa unalalamikia beringi hiyohiyo.

Tangu hapo, mkanda ukitoka hautoki peke yake. Nikishautoa, nakuwa na nafasi ambayo sina siku nyingine yoyote: puli zote ziko huru. Nazungusha moja moja. Puli nzima inazunguka kimya, laini, na inasimama taratibu. Ikikoroma kama ina mchanga ndani, beringi inaondoka. Ikizunguka mno bila kizuizi chochote, kama feni, grisi imekwisha, hiyo nayo inaondoka. Halafu naishika kwa vidole viwili na kuitikisa: wota pampu yenye mchezo haina maisha marefu, hata kama haijaanza kuvuja. Kompresa nayo naizungusha, maana puli ya kompresa ina beringi yake inayozunguka hata AC ikiwa imezimwa. Wengi wanadhani wakizima AC wameipumzisha puli. Hapana, wamepumzisha kompresa tu.

Tenshena nayo naiangalia kabla sijatoa mkanda, injini ikiwa inaunguruma. Mkono wake unatakiwa utulie, au utetemeke kidogo sana. Ukiona unaruka juu chini, springi imechoka au kile kinachoizuia kutikisika kimekwisha, na mkanda wowote utakaouweka utakuwa unapigwa kila sekunde. Baadhi ya tenshena zina alama ya kikomo: kijimstari kwenye mkono na kingine kwenye mwili wake. Mstari ukipita kikomo, ama mkanda umeongezeka urefu, ama si saizi yake.

Niseme na hili, kwa sababu magari hayafanani. RAV4 za kwanza kabisa na Noah za zamani zenye injini ya 3S, wota pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi ulioko ndani. Mkanda wa nje ukikatika kwenye hizo maji yanaendelea kuzunguka, na unaweza kujikokota hadi betri iishe. Vitz, IST na Premio ya 1.5, zenye 1NZ, taimingi ni cheni na wota pampu iko nje, kwa hiyo mkanda ukikatika unasimama. Na wenye Hiace na Hilux za dizeli za 2L na 3L wasikilize vizuri: nyuma ya alteneta kuna pampu ya upepo inayosaidia breki. Mikanda ikiisha kwenye gari hilo, breki inabaki na misaada ya mara chache tu, halafu kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Ukiwa unashuka mlima Kitonga na abiria, taa ya betri kwenye dizeli ya namna hiyo isome kama taa ya breki.

Turudi kwenye kuangalia. Zamani tulifundishwa kuhesabu nyufa. Ulikuwa unaukunja mkanda kidogo, ukikuta nyufa tatu au zaidi ndani ya kipande cha sentimita saba na nusu, unautoa. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri kwa mpira wa neoprini. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walihamia kwenye mpira wa EPDM, na huo haupasuki kirahisi. Unalika taratibu, kama soli ya kiatu. Unaweza kuuangalia ukiwa na kilomita laki moja na zaidi, mweusi, hauna ufa hata mmoja, ukasema huu bado. Kumbe mistari imeshapungua, mabonde yake yamepanuka, na mkanda unazama hadi chini ya puli badala ya kushika ubavuni. Hapo unaanza kuteleza, hasa unapobebeshwa kazi: AC imewashwa, taa zimewashwa, unapanda mlima, alteneta inadaiwa umeme.

Kuna vipimo vidogo vya plastiki vya kupimia hilo, na fundi anayejiheshimu hakosi kimoja. Ambaye hana, achukue kijiti cha chuma chembamba kinachoingia sawasawa kwenye bonde la mkanda mpya, akilaze ndani ya bonde la mkanda wa zamani. Kwenye mkanda mzima kijiti kinabaki kimechomoza juu ya mistari. Kikilala sawa na mistari au kikazama chini yake, umekwisha. Mimi nina kipande cha mkanda mpya nilichokikata, kinakaa kwenye sanduku la spana. Nakiweka sambamba na wa mteja, anajionea mwenyewe tofauti. Hakuna maneno mengi baada ya hapo.

Dalili nyingine hazihitaji kifaa. Pembeni kukiwa na nyuzi zimetoka, puli mojawapo imekaa upande. Mistari iking'aa kama imepigwa vanishi, mkanda umekuwa ukiteleza na kuungua. Kipande cha mstari kikiwa kimenyofoka, hata kama ni kidogo, leo hiihii. Mgongo wa mkanda nao usiusahau. Kuna puli zinazogusa mgongo, na ukikuta umepasukapasuka au una michubuko ya mviringo, tafuta puli iliyoufanya hivyo. Kwenye magari madogo mkanda uko ubavuni, gizani, umebanana na chesisi. Ingiza simu, washa taa yake, piga picha au video ya polepole. Injini iwe imezimwa na funguo mkononi mwako, si kwenye swichi. Na wewe mwenye khanga, tai, au mikono mirefu ya kanzu, kaa mbali injini ikiwa inawaka. Mkanda hauchagui.

Sauti ndiyo inayowaleta wengi gereji, nayo inachanganya. Kuna mlio mrefu wa asubuhi, unaopiga kelele mara tu unapowasha gari na kupotea baada ya dakika moja. Kuna kichirichiri kifupifupi kinachofuata mwendo wa injini. Kuvitofautisha, chupa ya maji inatosha. Injini ikiwa inaunguruma, mwagia maji kidogo upande wenye mistari, ukiwa umesimama mbali kiasi. Sauti ikipotea sekunde chache kisha ikarudi, puli hazijanyooka, au mojawapo imeyumba. Sauti ikizidi, mkanda unateleza: umelegea, umelika, au tenshena haina nguvu. Nimewapa wateja kipimo hiki kwa simu wakiwa nyumbani kwao, na mtu anafika akiwa ameshajua nusu ya jibu.

Kitu nisichokipenda ni sabuni. Mtu anapaka sabuni ya kipande kwenye mkanda unaolia, kelele inakatika, mteja anatoka getini akiwa na furaha. Wengine wanatumia dawa ya kupuliza, wengine hata grisi, na hiyo ya grisi sitaki hata kuijadili. Mkanda unalia kwa sababu. Ukiunyamazisha, sababu inaendelea na kazi yake. Kibaya zaidi, baada ya siku mbili sabuni imekusanya vumbi, na vumbi letu la changarawe kwenye mabonde ya mkanda ni msasa. Linakula mistari ya mkanda na linakula puli pia. Puli iliyolika ikipewa mkanda mpya, inaula mkanda mpya.

Wauaji wengine wawili nawakuta kila wiki. Wa kwanza ni oili. Mpira unaolowa oili unavimba, unalainika na kupoteza mshiko. Kwenye injini za 1ZZ, za Premio na Allion za 1.8, kuna mpira mdogo wa duara kwenye tenshena ya cheni ya taimingi ambao ukikauka oili inachuruzika upande uleule wa mkanda. Ukibadilisha mkanda bila kubadilisha kampira hako, utarudi. Gasketi ya kava la vali na sili ya krenki nazo ni walewale. Maji ya rejeta yanafanya kazi inayofanana. Ukiona ukoko wa rangi ya waridi au mweupe chini ya wota pampu, pale kwenye kitundu chake cha kuvujia, pampu inakuaga. Gari la namna hiyo silibadilishii mkanda bila pampu, hata mteja akisema fedha haijatosha. Bora arudi mwisho wa mwezi, tufanye vyote.

Muuaji wa pili tumemwingiza sisi mafundi wenyewe, tukubali. Chini ya injini na ndani ya bawa la tairi la mbele kuna plastiki za kukinga. Gari likiingia gereji kwa mara ya kwanza, plastiki inafunguliwa ili oili imwagwe, klipu zinavunjika, plastiki inawekwa pembeni "nitairudisha." Hairudi. Mwaka unaofuata gari linapita kwenye madimbwi ya masika, tairi inarusha maji na mchanga moja kwa moja kwenye mkanda. Mteja analalamika kwamba gari linalia kila mvua ikinyesha. Nimeacha kumuuzia mkanda mtu wa hivyo kabla sijampeleka akatafute plastiki ya mtumba na klipu zake. Mara nyingi kelele inaisha bila mkanda mpya, na mkanda uliokuwepo unaendelea.

Kwenye kununua, usiende dukani na jina la gari tu. IST ina injini ya 1.3 na ya 1.5, Premio ina 1.5, 1.8 na 2.0, na muuzaji wa spea aliyechoka pale Gerezani, Dar, atakupa chochote kinachokaribia. Nenda na mkanda wa zamani au namba iliyoandikwa mgongoni. Ukiona mathalani 6PK1750, 6 ni idadi ya mistari, PK ni aina ya mistari yenyewe, ambayo inaachana kwa milimita 3.56, na 1750 ni urefu kwa milimita. Mkanda wa mistari mitano utakaa kwenye puli ya sita na utazunguka, ndiyo, lakini mzigo ni uleule na mshiko umepungua. Urefu ukizidi kidogo, tenshena inafika mwisho wa uwezo wake na mkanda unaanza kuruka. Nimeona mtu amefungiwa mkanda mfupi kwa kulazimisha na bomba la chuma. Alteneta ilianza kukoroma haikupita muda.

Kuhusu majina, Bando na Mitsuboshi ni watengenezaji wa Kijapani wanaojulikana, Gates ni wa Marekani, na Toyota wana wao wenye boksi lao. Majina haya yote yanaigwa na watu wasiohusika na kampuni hizo, kwa hiyo boksi si ushahidi. Mimi naangalia mistari ikiwa imekatwa safi na sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, maandishi yasiyofutika nikiyasugua kwa kidole chenye mate, na mpira usionuka vikali kama ndala mpya. Bei nayo inazungumza: mkanda unaouzwa theluthi ya bei ya wenzake una sababu. Mkanda uliotumika, wa kutoka kwenye injini ya mtumba, mimi sifungi kwa fedha ya mteja. Hujui umekaa kwenye kontena muda gani umekunjwa vipi.

Kufunga ni kazi ndogo kwa anayejua njia ya mkanda, na ni balaa kwa anayekisia. Ukipitisha mgongo pale palipotakiwa mistari, wota pampu inaweza kuzunguka kinyume, na gari litachemsha huku kila kitu kikionekana kizima. Kwa hiyo kabla sijagusa spana napiga picha, tena mbili, kutoka juu na kutoka upande wa tairi, na namtumia mwenye gari kwa WhatsApp ili abaki nayo. Kwenye magari yasiyo na tenshena ya kujikaza, kama Vitz na IST nyingi, unakaza kwa kusogeza alteneta. Hapa ndipo fundi mwenye nguvu nyingi anapoharibu. Mkanda uliokazwa kupita kiasi haulii, mteja anafurahi, lakini beringi za wota pampu na alteneta zinavutwa upande mmoja mchana na usiku. Ukibonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali, uingie kiasi cha sentimita moja. Halafu mrudishe mteja baada ya siku chache umkazie tena kidogo, maana mkanda mpya unakaa sawa na kulegea baada ya kutembea.

Baada ya hapo, kila oili inapobadilishwa, dakika mbili za tochi. Kwenye kilomita 60,000 naanza kupima kwa kijiti. Kwenye laki moja, kwa barabara zetu na joto letu, sisubiri ruhusa ya mkanda, natoa. Wenye Prius za kuanzia 2009 hawana habari na haya yote. Wota pampu yao ni ya umeme, na mkanda wa nje haupo kabisa. Kuna mmoja alikuja kuniomba nimbadilishie, ameambiwa na jirani. Tulifungua boneti tukautafuta wote wawili kwa ajili ya mazungumzo tu.

Mkanda wa zamani, kama haujachanika wala kulowa oili, siutupi. Nauviringisha bila kuuvunja, nautia kwenye mfuko, nauweka chini ya tairi la akiba pamoja na spana inayoingia kwenye tenshena ya gari hilo. Mkanda uliochakaa bado unaweza kukutoa porini hadi mjini. Dereva mmoja wa Noah anayepeleka abiria Ifakara alinipigia simu akiwa amepita Kidatu, taa ya betri imewaka, amezima hapohapo kama tulivyokubaliana. Alikuwa na mkanda wa akiba, alikuwa na spana, na picha ya njia ya mkanda ilikuwa kwenye simu yake. Akafungua tairi la mbele kushoto. Nikamwambia kaka, upande mwingine. Akahamia kulia, tukaenda puli kwa puli hadi ukakaa, abiria wakimshikia tochi. Alipowasha, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nitampunguzia bei ya mkanda mpya akirudi. Nikamwambia mkanda tutauzungumza, kwanza alete hilo gari nisikilize puli ya alteneta, maana ule uliokatika nilimfungia mwenyewe na muda wake ulikuwa bado.